Si kila kijiwe kwenye tairi ni cha kung'oa

Ukiteremka mlima wa Mabatini au Isamilo hapa Mwanza kwa njia ya kokoto kisha ukashika lami, mara unasikia tik-tik-tik chini ya gari. Ni kijiwe kimebanwa kwenye mfereji wa tairi, kinagonga lami kila mzunguko. Tairi la kawaida la saluni, la rimu ya inchi 15, huzunguka mara moja kwa kama mita 2, kwa hiyo kwa mwendo wa 20 utasikia karibu mara 3 kwa sekunde. Mlio ukitoka unapokata kona tu, achana na tairi, kachungulie sivi joint, kile kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu.

Wanaoosha magari wengi wanachokoa kila kijiwe kwa bisibisi yenye ncha kali. Kwa maoni yangu hiyo bisibisi ndiyo hatari kuliko kijiwe. Kijiwe cha ufukweni kimelainishwa na maji ya ziwa. Kikiingia, mara nyingi hutoka chenyewe ukiendesha. Kinachostahili kuchokolewa ni kokoto ya jabali letu la Mwanza, iliyopondwa kwa nyundo. Hiyo ina makali, na uzito wa gari huisukuma chini kila mzunguko hadi ichane mpira wa sakafu ya mfereji. Maji yakipenya hapo, nyuzi za chuma hushika kutu, mpira unaachana nazo, tairi linaota nundu.

Kuing'oa, vuta handibreki na ukate usukani hadi mwisho, tairi la mbele lionekane vizuri. Kwa ya nyuma, sogeza gari nusu mzunguko. Chukua bisibisi bapa iliyo butu, ipitishe ubavuni mwa kijiwe na ukisukume kufuata urefu wa mfereji. Usichimbe kwenda chini. Geuza uso pembeni, maana kinaruka kama kimefyatuliwa na manati. Kikitoka, tazama kilipokuwa. Ukiona waya unang'aa, mpelekee fundi. Usipouona, mwagia maji ya sabuni; pasipotoa mapovu, endelea na safari.

Ila kama ulichodhani kijiwe ni kichwa cha msumari, mkono usikiguse. Ukiung'oa ukiwa Buhongwa saa mbili usiku, upepo wote unaondoka. Uache uzibe tundu, uende taratibu hadi kwa fundi pancha.

Tairi jipya lenye mifereji ya kina cha milimita 8 hubeba vijiwe vingi zaidi. Kipara hakibebi hata kimoja, na hiyo si sifa.

Malori ya kokoto ni habari nyingine. Tairi zake nyingi zina vinundu vya mpira ndani ya mifereji, kazi yake kusukuma mawe nje. Vikishakatika, mawe yanakaa. Baya zaidi ni jiwe la ukubwa wa ngumi lililobanwa kati ya tairi mbili za nyuma zinazokaa ubavu kwa ubavu. Dereva lazima ashuke alitoe machimboni, kabla ya kushika lami, kwa sababu likichomoka kwenye mwendo wa 80 linakwenda kwenye kioo cha anayemfuata.