Mfuko wa madini ya ng'ombe uandikwe floraidi

Ng'ombe wangu wa maziwa alitoka upande wa Arusha, chini ya Mlima Meru. Siku alipoteremshwa kwenye gari hapa Tukuyu, mzee jirani yangu, mfugaji wa miaka mingi, alimfunua mdomo, akatazama, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, wamekuuzia bibi kizee." Meno ya mbele yalikuwa na mabaka ya kahawia, yamefifia kama chaki, mawili yamelika hadi karibu na fizi. Lakini ng'ombe yule alikuwa na mimba ya pili tu. Uzee haukuwa na neno pale. Alikulia kwenye maji yenye floraidi nyingi, madini yanayoyeyuka majini kutoka kwenye miamba ya volkano, wakati meno yake yanajengeka, na doa la namna hiyo halitoki tena.

Asubuhi zetu mnazijua, maji ya chemchemi yanauma hata mkono. Wenzake waliingiza midomo ndooni wakavuta. Yeye alilamba kwa ulimi, kidogo kidogo, kama paka, kwa sababu ya maumivu ya meno. Nikaanza kumwekea ndoo juani.

Tangu hapo nimekuwa mkali kuhusu jambo hili, na sioni haya. Floraidi na kalisiamu hushikana kwa nguvu sana. Ikiingia nyingi kwa mara moja, floraidi huinasa kalisiamu iliyo kwenye damu. Mnyama hutetemeka, misuli hukakamaa, na moyo unaweza kusimama. Hiyo ni nadra. Inayotuumiza wafugaji ni ile ya polepole. Floraidi huhamia kwenye mifupa na kuijenga upya kwa namna ambayo haiyeyuki kirahisi. Ng'ombe anayekamuliwa anahitaji kukopa kalisiamu kutoka mifupani kila siku, na tezi ndogo za shingoni ndizo zinazoamuru mkopo huo. Mfupa ukiwa mgumu kutoa, tezi hulazimika kuamuru kwa nguvu zaidi. Damu ikipimwa huenda ikaonekana sawa kabisa, huku vinundu vya mfupa vikiota miguuni na ng'ombe akianza kuchechemea. Lishe ikiwa na kalisiamu kidogo, hali huwa mbaya zaidi.

Sasa, mwaka uliofuata alinijia muuzaji mmoja na kiroba cha unga wa kijivu, bila maandishi yoyote. "Madini haya, unampa konzi moja kwenye pumba, mifupa inakuwa chuma." Bei ilikuwa nusu ya madini ya dukani. Nilipomwuliza umetengenezwa na nini, akasema ni fosfeti, ile ile mbolea ya shambani.

Mwamba wa fosfeti kwa shamba ni neema, na sina ugomvi nao huko. Ila ukiwa ghafi, mara nyingi una floraidi ya asilimia 3 hadi 4. Tupige hesabu, tuseme konzi moja ni gramu 50. Gramu 50 za unga wenye asilimia 3 zina miligramu 1,500 za floraidi. Ng'ombe anayekula kilo 12 za chakula kikavu kwa siku hapaswi kuzidisha miligramu 40 kwa kila kilo, yaani 480 kwa siku nzima. Konzi hiyo moja inampa zaidi ya mara tatu, kabla hajanywa hata tone la maji. Tunamlisha kitu kwa jina la kujenga mifupa, nacho kinaifunga.

Najua jibu la wengi hapa kwetu: floraidi ni shida ya Arusha, sisi tuna maji baridi ya mlimani. Mimi sikubali. Floraidi inasafiri ndani ya kiroba. Inasafiri pia kwenye magadi ya ziwani huko kaskazini, ambayo wengine huwalambisha ng'ombe. Na hata sisi tumekaa juu ya volkano. Rungwe na Ngozi si vichuguu. Volkano ya Laki ilipolipuka Iceland mwaka 1783, floraidi ilitua kwenye majani, na zaidi ya robo tatu ya kondoo wa nchi ile wakafa. Sisemi yatatokea hapa. Nasema maji ya moto, kama ya Songwe, yapimwe kabla ya kunyweshwa mifugo.

Ninachodai ni kidogo. Kila mfuko wa madini ya mifugo uandikwe kalisiamu, fosforasi na floraidi, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Fosfeti iliyosafishwa kwa ajili ya mifugo haitakiwi kuzidi sehemu 1 ya floraidi kwa sehemu 100 za fosforasi. Basi namba hiyo tuione. Mwenye kiroba kisicho na maandishi asiruhusiwe kukiuza kama chakula cha mnyama. Maafisa mifugo wa kata wanapita mnadani kila mara kukagua vibali. Wakague na hili.

Yule muuzaji nilimrudisha na mzigo wake. Wakati ule ndama jike aliyezaliwa hapa kwangu alikuwa na miezi minane, umri ambao meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya. Nilimpa chokaa ya mifugo na jiwe la chumvi lenye maandishi, na maji ya chemchemi. Wiki iliyopita nilimfunua mdomo mbele ya mzee jirani. Ameota mawili ya kwanza ya ukubwani, meupe, hayana doa.