Mita 400 za kwenye boksi

Jirani yangu ni mlinzi wa usiku. Hivi karibuni alinunua tochi sokoni Mbuyuni, hapa Moshi, boksi limeandikwa mita 400. Jioni ile ile wakaenda na mwenzake kuijaribu upande wa Kahe, kwenye barabara ya shambani iliyonyooka. Mwenzake alitembea hatua 400, tuseme mita 300 hivi, akageuka. Jirani akamulika. Mtu hakuonekana. Vilionekana vipande viwili vidogo vya kung'aa vikicheza karibu na ardhi: mistari ya raba zake.

Jirani anasema ameibiwa. Mimi sina uhakika kama neno hilo ni la haki.

Boksi lake lina alama ya FL1, kipimo cha Marekani kilichotoka mwaka 2009. Kwa kipimo hicho, umbali wa tochi ni pale mwanga wake unapobaki robo ya luksi (kizio cha mwanga unaoangukia mahali), yaani kama mbalamwezi ya mwezi mpevu, anga likiwa safi. Ukijua kandela, yaani nguvu ya mwale wa tochi, unaweza kukokotoa mwenyewe: tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa mbili. Kandela 40,000 zinakupa mita 400. Kwa hiyo namba haikutungwa. Tena ina faida kubwa: ukiwa na tochi mbili zilizopimwa hivyo, unajua ipi inafika mbali zaidi bila kumsikiliza muuzaji. Boksi lisilo na alama hiyo linaweza kuandika hata kilomita mbili, na ziko nyingi za namna hiyo.

Lakini mbalamwezi gani? Usiku wa mwezi mpevu unatembea kijijini bila shida kwa sababu mwanga umekuzunguka pande zote na macho yamekwisha kuzoea giza. Mwenye tochi hayuko hivyo. Majani na vumbi vya karibu vinamrudishia mwanga, macho hayapati nafasi ya kuzoea, halafu anatarajia kuona kwa robo luksi kitu kilicho mita 400. Na kitu chenyewe ni koti jeusi, linalomeza karibu mwanga wote linaoupata. Kipimo kinaeleza mwanga unaofika kule. Unaorudi machoni ni hesabu nyingine kabisa.

Hesabu yangu ya mkononi ni kugawa kwa mbili, na kwa tatu nikitaka kujua ni nani yule. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, hivyo kwenye mita 200 tochi ya jirani inatoa luksi moja, mara nne ya ile robo. Kwenye mita 130 zinapita mbili. Hapo unaanza kutofautisha mtu na kisiki.

Kuna wakati, hata hivyo, namba ya boksi ni ndogo kuliko hali halisi. Macho ya mbuzi, paka au fisi yana utando nyuma unaorudisha mwanga, na mistari ya raba hufanya kazi ya aina hiyo. Mlinzi anayetaka tu kujua kama kuna kitu kinachotembea kwenye uzio atafaidi umbali wote, pengine na zaidi.

Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wangemcheka jirani kwa kubishania mita 400. Usiku wa kileleni, kutoka kambi ya Barafu kwenye mita 4,673, unachohitaji kuona ni viatu vya aliye mbele yako na jiwe linalofuata. Huko swali ni betri: baridi huzidhoofisha, ndiyo maana za akiba huwekwa ndani ya koti karibu na mwili. Mwale mwembamba unaofika mbali ni kero, unakuonyesha duara dogo na kukuficha pembeni. Na ukungu ukishuka Machame, tochi kali inakujengea ukuta mweupe usoni. Ile hafifu, ukiishika chini usawa wa kiuno, itakufikisha nyumbani.

Jirani nilimwambia arudi Kahe, mwenzake avae shati jeupe, asimame hatua 200. Amekubali, ila anataka niwe mimi wa kusimama kule gizani.