Toroli la oda si mkokoteni

Ukienda kutafuta toroli la stoo, lile la kukusanyia oda za wateja, muuzaji atakwambia jambo moja kabla hujafungua mdomo: linabeba kilo ngapi. Ukirudi ofisini, mwenye mali naye atakuuliza hilohilo. Siwalaumu, tumelelewa na lumbesa. Gunia likijaa tunalivisha kilemba, guta likijaa tunapachika na godoro juu, kisha tunasimama pembeni tukiridhika. Hata mimi nilianza kazi hii nikichagua toroli kwa jicho hilo, na kosa hilo nilililipia.

Nasimamia stoo ya bidhaa za dukani huku Nyakato, Mwanza. Sabuni, mafuta ya kula, chumvi, viberiti, madaftari, betri, biskuti, pampasi. Lori likija kushusha silali na mawazo. Makuli wana utaratibu wao na utani wao, na kabla ya saa sita limeshaondoka tupu. Shughuli inaanza pale mwenye duka wa Nansio anapotuma ujumbe kwamba anataka katoni 2 za sabuni ya mche, dazani 5 za madaftari, boksi 1 la betri na "yale majani ya chai ya juzi". Anafuata wa Sengerema. Anafuata wa Kisesa, ambaye salamu zake ni ndefu kuliko oda yenyewe. Ikifika saa nne asubuhi nina karatasi 20 mezani, kila moja na vitu kumi hadi kumi na tano, na hakuna hata moja ya kumvunja mtu mgongo.

Toka daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, karatasi hizo zimekuwa nyingi na fupi. Zamani mteja wa ng'ambo ya pili aliagiza kwa wingi, maana kusubiri kivuko kulimchosha. Sasa anajua gari linapita juu ya zile kilomita 3 za daraja bila foleni, kwa hiyo anaagiza kidogo leo na kidogo keshokutwa. Kwake ni nafuu. Kwetu maana yake ni miguu.

Baada ya matoroli matatu, nimefikia msimamo ambao wenzangu wa jumla wananicheka nao: toroli la kukusanyia oda halipo kwa ajili ya kubeba. Lipo kwa ajili ya kutenganisha. Anayelipima kwa kilo anapima kisichomsumbua.

La kwanza tulilinunua likiwa tayari. Bapa, mshikio wa kukunja, magurudumu ya nailoni ya inchi 4. Pale dukani, kwenye vigae, lilikwenda kwa kidole kimoja. Sakafu yetu lakini ni saruji ya miaka mingi, na kati ya chumba cha mbele na cha nyuma kuna ufa unaoingia vidole viwili. Gurudumu kubwa likifika kwenye ufa kama ule linapita juu, dogo linazama. Letu lilizama, likasimama papo hapo, katoni za mafuta zikaendelea na safari peke yao. Tulisugua kwa maranda na sabuni ya unga siku mbili, na hadi leo ile kona mgeni akiingia tunamwambia "pole pole hapo".

Basi kuhusu magurudumu nitasema kwa ufupi ninachokiamini. Kwa sakafu zetu usishuke chini ya inchi 6, na ukipata inchi 8 chukua. Nailoni ni nzuri pale sakafu ilipo kama kioo, ila kelele yake ni ya treni. Mpira usio na upepo ndio unaotufaa. Ya upepo yanapita popote, lakini stoo imejaa pini za katoni na misumari ya paleti, utakuwa unaziba pancha kuliko kukusanya oda.

La pili tulichongesha kwa fundi wa kuchomelea. Hapo ndipo lumbesa iliponiponza kweli. Nilimwambia, "Fundi, litengeneze kubwa." Naye alitii. Upana mita 1 na sentimita 20, wakati njia kati ya rafu zetu ni mita 1 na sentimita 30. Likiingia njia, hakuna mwingine anayepita. Wakikutana wawili ilikuwa kama maguta mawili yaliyokutana Makoroboi: mmoja arudi nyuma, na hakuna anayetaka kuwa yeye.

Lakini upana haukuwa kosa kubwa. Kosa kubwa ni kwamba lilikuwa sinia moja tupu. Kwa kuwa lilimeza vitu vingi, vijana walianza kukusanya oda tano kwa mzunguko mmoja, wakizirundika pamoja, kwa makubaliano kwamba tutachambua mezani. Mezani ndiko oda zinakofia. Saa nane mchana, jua limekaza bati, simu ya dereva inaita, na mbele yako kuna kichuguu cha vitu vya watu watano. Sabuni zote za bluu. Maboksi yote ya kahawia. Nani alitaka dazani 3 na nani 4?

Mwenye duka mmoja wa Ukara alitaka betri, akapata viberiti vya mtu mwingine. Wasiojua visiwa vyetu watasema si jambo kubwa, mpelekee. Kosa la Kisesa kweli linarekebishwa na bodaboda. Kosa la Ukara linapanda meli hadi Nansio, linashuka, linatafuta gari hadi Bugolora, linasubiri kivuko, linashukia Bwisya. Na wakati huo wote yule mzee anauza bila betri, wateja wake wanaenda kwa jirani. Alinipigia wala hakufoka. Alisema tu, "Mwanangu, sasa hivi viberiti nivitie kwenye redio?" Ningependa angefoka.

Wiki ile nilichukua daftari nikamfuata dada mmoja wa stoo nusu siku nzima. Nilitaka kuona kosa linazaliwa wapi, nikaishia kuona jambo jingine pia: alikwenda kwenye rafu ya sabuni mara tisa kabla ya chakula cha mchana, kila mara kwa oda nyingine. Vitabu vya uendeshaji wa maghala hukadiria kwamba kama nusu ya muda wa mkusanyaji huishia kutembea, nami nilikuwa nikidhani hayo ni ya maghala makubwa ya Ulaya. Kutembea huko kunauma kiasi kwamba Amazon, mwaka 2012, ilitoa dola milioni 775 kuinunua kampuni ya Kiva, ambayo roboti zake huinua rafu nzima na kuipeleka kwa mfanyakazi aliyesimama. Ila hata huko, rafu ikishafika, bado mtu anachukua kitu na kukitia kwenye kisanduku cha oda yake. Mwendo wameuondoa, kutenganisha kumebaki.

Sina roboti. Nikaona kwamba kwenda rafu ya sabuni mara moja kwa ajili ya watu sita ni sahihi, vijana wangu walikuwa na akili. Kilichokosekana ni vyumba sita vya kuwatia hao watu.

Toroli la tatu nilikwenda na chaki. Karakana ya fundi iko Mabatini, na kabla hajawasha mashine nilichora sakafuni. Nilianzia kwenye kreti, si kwenye toroli. Kreti za plastiki za sentimita 60 kwa 40 zinapatikana kirahisi, na ukizipanga tatu ubavu kwa ubavu unapata urefu wa sentimita 120 na upana wa 60. Ghorofa mbili, kreti tatu juu na tatu chini. Kila kreti na rangi yake, na karatasi ya mteja inabanwa kwenye kreti yenyewe. Hakuna meza ya kuchambua. Kinachotoka rafuni kinaingia moja kwa moja nyumbani kwake.

Fundi alikuna kichwa. "Dada, chuma hiki kinabeba zaidi ya hapa. Nikutanulie kidogo?"

"Usinitanulie hata nukta, fundi."

"Basi niongeze ghorofa."

Ghorofa ya tatu nilikuwa nimeshaijaribu kwa mbao. Inamziba msukumaji asione mbele, na ya chini kabisa inamfanya ainame kama anayepalilia. Tulibaki na mbili.

Tulibishana zaidi kwenye magurudumu. Yeye alitaka yote manne yageuke, "linacheza lenyewe". Ni kweli linacheza, na kwenye sakafu tambarare ni raha, linaingia hata ubavu. Mwanza hii ni ya mawe na milima. Stoo yetu, kama nyingi, imekaa kwenye mteremko, na mlango wa nyuma una njia ya kupandia. Toroli la magurudumu manne yanayogeuka likiwa kwenye mteremko linakwenda linakotaka lenyewe. Tuliweka mawili yasiyogeuka mbele, na mawili yanayogeuka upande wa msukumaji, yenye breki. Nilimpigia hesabu ya mteremko pia: mahali panapopanda mita 1 kwa kila mita 12, toroli la kilo 300 linakurudisha nyuma kwa nguvu kama ya kilo 25, na hapo sijahesabu msuguano. Hiyo ndiyo nguvu ambayo binti mmoja anatakiwa aishike huku anatafuta ufunguo.

Na uzito ambao magurudumu yanaweza kubeba una mtego. Watu huchukua uzito wote, toroli na mzigo, wanagawa kwa nne. Ugawe kwa tatu. Sakafu ikiwa na bonde dogo tu, gurudumu moja linaning'inia hewani, na matatu yaliyobaki yanabeba yote. Kilo 300 ukigawa kwa nne unapata 75. Kwa tatu unapata 100. Ukinunua ya 75, yatavunjika, na utamlaumu muuzaji bure.

Mshikio nilimwachia yule dada wa stoo, nilikwenda naye karakana. Nilidhani angetaka bomba moja la kulala, kama la toroli la supamaketi. Akataka mawili yaliyosimama wima, kulia na kushoto. Sababu yake ilikuwa rahisi: yeye ni mfupi, mwenzake wa zamu ni ngongoti, kwenye bomba la wima kila mtu anashika usawa wa kiwiko chake. Akaongeza kibanio cha karatasi, kifuko cha kisu cha kukatia katoni, na kingazi cha vipago viwili kwa ajili ya rafu ya juu. Kingazi nilikiogopa. Tumewekeana sharti kwamba hakikanyagwi kabla breki hazijafungwa, na anayevunja sharti anawanunulia wote chai na maandazi. Tumeshakunywa mara mbili.

Nikiwa mkweli, kama ningetakiwa kubaki na ushauri mmoja tu kati ya yote haya ningeacha magurudumu na kuchukua huu wa kwenda karakana na msukumaji. Mwenye mali analiona toroli likiwa limesimama. Fundi analiona likiwa tupu. Anayelisukuma ndiye anayelijua likiwa linafanya kazi, na katika duka nyingi za jumla ndiye wa mwisho kuulizwa, akiulizwa.

Mafuta ya ndoo hayapandi kwenye toroli hili. Ndoo ya lita 20 ina kama kilo 18, na kanuni ya mwaka 1991 ya kuinua mizigo ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, huanzia kikomo cha kilo 23 mazingira yakiwa mazuri kabisa, bila kujipinda wala kuinama. Ukijipinda au kuinama hesabu inashuka. Kumtaka mtu atumbukize ndoo ndani ya kreti ya chini ni kumtaka ajipinde na ainame kwa pamoja. Ndoo zinakusanywa mwisho, kwa lile toroli la pili, sinia letu pana. Kwa kazi ya namna hiyo, kwa kweli, halina kasoro.

Bosi hajalipenda toroli la tatu. Akipita akaliona na kreti nusu nusu ananiuliza mbona linatembea na hewa. Namjibu hiyo si hewa, ni nafasi ya mtu wa Ukara. Anatikisa kichwa, anakwenda. Siku hizi simu za malalamiko zimepungua, ingawa ile ya "majani ya chai ya juzi" haijapata dawa, maana hata kreti haiwezi kujua juzi alichukua yapi.

Jumamosi nilipita Mabatini, nikaona nje ya karakana chuma kipya kinapakwa rangi ya kuzuia kutu. Ghorofa mbili, mabomba mawili ya wima, hadi kingazi. Nikafurahi, nikasogea. Halafu nikakipima kwa hatua. Upana kama mita moja.

"Fundi, hili vipi?"

"Mteja aliona lako, akalipenda sana," alisema, huku anafuta brashi. "Ila kaniambia nimtanulie, libebe mengi."