Barua ya posa iko ndani ya jaketi

Lushoto mwezi wa Julai, alfajiri, si mahali pa kutoka na kanzu tupu. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukisema "shikamoo" moshi unatangulia. Kwa hiyo mjomba, ambaye ndiye mshenga, aliponivika jaketi lake la ngozi juu ya kanzu, nilimwombea dua. Akachukua barua ya posa ya kaka yangu, pesa za kishika uchumba zimo ndani, akaitia mfuko wa ndani wa jaketi, akafunga zipu ya mfuko. Halafu akaivuta ile zipu kubwa mpaka kidevuni. Ikalia krrr, ikagoma hapo.

"Hapo haingii baridi wala mwizi," akasema. Tukaondoka kwenda Pangani.

Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 za kona, barabara iliyochongwa ubavuni mwa Usambara tangu enzi za Mjerumani. Huku jabali, huku korongo, chini kabisa mabati ya watu yanameremeta. Shangazi alitaka tusimame Soni tupige picha maporomoko. Kwenye ile picha nacheka. Ndiyo ya mwisho ninayocheka.

Mombo, joto likaingia kwenye Noah bila hodi. Masweta yakavuliwa, mitandio ikalegezwa. Nikashika zipu: imeng'ata kola ya kanzu, haipandi, haishuki. Shangazi akavuta, dereva akavuta, na kila wakivuta naona nyota mchana.

Korogwe likanunuliwa kopo la mafuta ya mgando. Zipu ikang'aa, basi. Segera dereva akatoa plaizi, akatoka na kile kishikio mkononi. Mama mmoja wa mahindi ya kuchoma akaleta mkasi kwa roho safi kabisa. Mjomba akageuka kiti cha mbele.

"Atakayekata jaketi langu, posa na apeleke yeye."

Mkasi ukarudi kwenye mahindi.

Tukapita mashamba ya mkonge, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka, nami natiririka jasho mpaka soksi. Muheza wakanimenyea machungwa, nikawa nalishwa, maana kwa ile kola shingo ilikuwa haiinami. Tanga hata bahari sikuitazama.

Pangani wakwe wamejaa barazani, udi unafuka, sisi tunashuka: wenzangu wepesi na kanzu zao, mimi nimefungwa ngozi mpaka kidevuni, uso unachuruzika. Bibi wa bibi harusi akanishika paji la uso.

"Masikini, mtoto ana homa!" Nikafunikwa kanga. Nikaletewa chai ya tangawizi, ya moto. Kuikataa chai ya wakwe siku ya posa haiwezekani, nikainywa yote.

Mjomba akakohoa, akasema maneno yake mazuri ya ua lililochanua bustanini, wakaitikia, akamalizia, "Na barua yetu hii hapa." Akaninyoshea mkono.

Nikamwangalia. Akaniangalia. Nikaona kabisa pale ndipo alipokumbuka barua iko wapi.

Shangazi akajaribu kupitishia mkono kwa chini, tukaanza kunyang'anyana mbele ya watu, nikicheka kwa kutekenywa, na ule mfuko nao una zipu. Mzee mmoja akauliza kwa upole kama kule milimani hii ni mila.

Aliyetuokoa ni yule bibi. Alikuja na mafuta ya nazi na kipini cha nywele, akachokoa kola uzi kwa uzi huku ananikaripia nisipumue. Zipu ikashuka. Mvuke ulionitoka, naapa, wa mbele walirudi nyuma. Barua ikatolewa imelowa, wino umekimbia, lakini pesa zilihesabika, na posa ikapokelewa.

Wakaanza kutaja vyao: mahari, mkaja wa mama, kilemba cha baba. Wakafika kwa babu, mvuvi, muda wote alikuwa kimya akiligeuzageuza lile jaketi mikononi, anapapasa bitana.

"Mie kilemba sitaki," akasema. "Natoka na ngalawa usiku, na kusi huu unajua kukata. Nipeni hili."

Baraza zima likamgeukia mjomba.

"Babu," mjomba akasema, "zipu yake mbovu."

"Sitaifunga."