Kadi ndogo, vyeo vingi

Jamani, mie nachapa kadi za harusi Darajani, hapa Unguja, si kamusi! Juzi mteja karudisha kadi zote. Kisa? Nimeandika "Mchungaji" tu. Eti sasa ni "Mtume na Nabii Dkt.", na mkewe "Mama Mchungaji Kiongozi". Mwaka jana huyuhuyu alikuwa mwinjilisti! Jina la bwana harusi ikabidi nilibane pembeni kama abiria wa daladala.

Wakatoliki wa kanisa la Minara Miwili hawanisumbui: padri ni padri, askofu ni Mhashamu, kardinali ni Mwadhama, basi. Nenda Mkunazini, kanisa la Waanglikana lililoanza kujengwa 1873 palipokuwa soko la watumwa. Edward Steere aliyelisimamia, na aliyetuandikia hata sarufi ya Kiswahili, kazikwa nyuma ya altare. Cheo chake? Askofu. Neno moja!

Majirani zangu Waislamu humwita padri kila mwenye kola nyeupe. Hao siwalaumu, tena wananipunguzia wino.

Sasa huyu mtume wangu nimemwambia alipie kuchapa upya. Kanijibu niwe na imani.