Okonkwo kamalizwa na mkoloni au na uanaume wake?

Riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, Things Fall Apart, ile tuliyoizoea kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo, inamhusu Okonkwo, mtu mkubwa wa Umuofia kwenye nchi ya Waigbo, Nigeria, ambaye mwishoni anajinyonga wazungu wakiwa wameshika nchi. Ikitajwa tu watu wanagawanyika hapohapo. Wapo wanaosema Okonkwo kauawa na mkoloni, basi, mzungu angebaki kwao yule mzee angezeeka na vyeo vyake na maghala yake ya viazi vikuu. Na wapo wanaosema hapana, jamaa alikuwa na shida zake toka zamani, ule uanaume wa kupiga wake na kukunja sura mchana kutwa ndo uliomponza, wazungu wamesingiziwa tu.

Mi naona wote wanachanganya kitu kimoja, wanachukua uanaume wa Okonkwo wanaufanya ndo uanaume wa Waigbo wote. Sio kweli, na kitabu chenyewe kinakataa. Baba yake, Unoka, alikuwa mtu wa filimbi na pombe, madeni kila nyumba, kafa hana cheo hata kimoja, na Okonkwo akiwa mdogo mtoto mwenzake akamwambia babako ni mwanamke tu huyo. Hapo ndo ilipoanzia. Toka siku hiyo kila alichopenda Unoka yeye kakichukia, hata upole. Huo ni woga wa mtu mmoja jamani, Umuofia haikumfundisha hivyo.

Chukua kifo cha Ikemefuna, yule kijana aliyetolewa na watu wa Mbaino kama fidia akakaa kwa Okonkwo miaka 3 akawa anamwita baba. Mizimu imeshasema auawe, sawa, lakini mzee Ezeudu, mtu mzima anayeheshimika kijiji kizima, alikuja mwenyewe kumwambia mtoto yule anakuita baba, usitie mkono wako kwenye kifo chake. Obierika rafiki yake kabaki nyumbani na hakuna aliyemvua heshima yake. Okonkwo akaenda, na mtoto alipomkimbilia akilia baba wameniua, yeye akachomoa panga akammalizia kwa kuogopa ataonekana dhaifu. Sasa ukiniambia hiyo ni mila nitakuuliza mila ipi, maana mila ilimtaka akae kwake.

Halafu kuna sehemu watu wanaipita haraka sana na mi naipenda kuliko zote. Mzee Ndulue wa kijiji cha Ire kafariki, ila ngoma ya msiba haijapigwa, Okonkwo anashangaa kwa nini. Anaelezwa kwamba Ozoemena, mke wa kwanza wa marehemu, aliposikia kaja na mkongojo wake mpaka kwenye maiti, akamwita mumewe kwa jina mara tatu, akarudi chumbani kwake, walipomfuata wakamkuta amelala amekufa. Obierika anasema hawa wawili walikuwa na moyo mmoja, Ndulue alikuwa hafanyi jambo bila kumwambia mkewe. Okonkwo anasema mi nilidhani alikuwa mwanaume wa nguvu ujanani. Anajibiwa alikuwa kweli, aliongoza Umuofia vitani. Yaani jibu analo mbele yake, kwamba kwa Waigbo mtu anaweza kuongoza vita na bado akamsikiliza mkewe, na haliingii kichwani mwake.

Ila nisije nikaisafisha Umuofia kupita kiasi. Mapacha walikuwa wanatupwa msituni, osu, yaani watu waliowekwa wakfu kwa miungu na kutengwa, hawaolewi wala hawaoi nje yao, na Ikemefuna aliuawa kwa uamuzi wa kijiji sio wa Okonkwo. Kanisa liliingilia hapohapo. Nwoye hakuongoka kwa hoja za Utatu, alisikia wimbo wa ndugu walioachwa gizani akawakumbuka mapacha wanaolia porini na Ikemefuna wake. Mwanamke mjamzito aliyetupiwa mapacha mara 4 akikimbilia wakristo utamlaumu kwa lipi? Hapa wale wanaosema wazungu wamesingiziwa wana haki kabisa na wanaotetea kila kitu cha kale wakubali tu.

Lakini mahakama ya mzungu haikuja na wimbo. Watu wa Abame walizungukwa siku ya soko wakapigwa risasi karibu wote kwa sababu walimuua mzungu mmoja wa baiskeli. Wakuu 6 wa Umuofia waliitwa na mkuu wa wilaya kwa mazungumzo, bunduki wameziacha nyumbani, wakafungwa pingu hapohapo, wakanyolewa vichwa, wakanyimwa chakula, faini magunia 200 ya kauri, zile simbi zilizotumika kama pesa, na matarishi wa mahakama wakaongeza 50 ya kwao. Sasa uanaume wa Okonkwo unahusikaje hapo? Angekuwa mpole kama babake bado wangetawaliwa. Uanaume wake unaeleza vizuri kwa nini alijinyonga, hauelezi hata kidogo kwa nini Umuofia ilishindwa, na hayo ni maswali mawili watu wanayajibu kama moja. Na wale wanaosema siku ile alipomkata kichwa tarishi wa mzungu wenzake waliogopa kumfuata, wamsome Obierika vizuri, alishamwambia mapema kwamba ndugu zetu wenyewe wameingia kwenye dini na serikali ya mzungu, tukianza kupigana tutampiga nani?

Kingine, mkoloni naye alikuja na uanaume wake, hili halisemwi sana. Waigbo wengi hawakuwa na wafalme, Waingereza wakateua wanaume wakawapa hati za uchifu wakaona wamemaliza, vikao vya akina mama na nguvu zao za sokoni hawakuviona kabisa. Mwaka 1929, mwaka mmoja kabla Achebe hajazaliwa, zikavuma habari kwamba wanawake watatozwa kodi, wanawake wa Oloko, huko kwa Waigbo, wakaanza, ikasambaa mpaka Aba na kwingine, maelfu kwa maelfu, wakawazingira machifu majumbani kwao kwa nyimbo wakidai wavue kofia zao za uchifu, wakavamia mahakama, na serikali ikaua zaidi ya 50 kwa risasi. Machifu kadhaa waliondolewa kweli na mfumo wenyewe ukabadilishwa miaka iliyofuata. Hii ndo iliyokuja kumtikisa mzungu kwa Waigbo kuliko panga la Okonkwo, na walioifanya ni watu ambao yeye asingewaita kwenye kikao.