Fanksheni saidizi za mti wa vifaa katika C: kunakili au kuandika zako?

Anayeandika programu ya C inayosoma mti wa vifaa, yaani faili la `.dtb` linaloieleza kerneli bodi ina nini na kila kifaa kiko wapi, hugundua mapema kwamba libfdt, maktaba ya C ya kusoma na kubadilisha mti huo, haifungui mafaili. Maktaba hiyo haiombi kumbukumbu, haichapishi kosa, haigusi diski. Unaipa bafa, yaani kipande cha kumbukumbu, inafanya kazi ndani ya bafa hiyo, basi. Imeundwa hivyo kwa makusudi, maana hutumika pia ndani ya butiloda (programu inayoipakia kerneli) na kerneli, ambako hakuna mfumo wa mafaili wa kutegemea.

Pengo hilo, kwa upande wa zana za mstari wa amri, limezibwa na faili moja linalokuja na kompaila ya dtc, inayogeuza maandishi ya `.dts` kuwa `.dtb`: `util.c`, pamoja na mwenzake `util.h`. Humo mna `xmalloc`, `xrealloc`, `join_path`, `utilfdt_read`, `utilfdt_write`, `utilfdt_print_data` na nyingine chache. `fdtget`, `fdtput`, `fdtdump` na `fdtoverlay` zote zimejengwa juu yake. Lakini halisakinishwi kama maktaba. Anayelitaka hulinakili ndani ya mradi wake, na hapo ndipo watu hugawanyika: wapo wanaosema nakili, kazi imeshafanywa na imepimwa miaka mingi; wapo wanaosema andika zako, hazizidi kurasa mbili.

Wanaonakili wana hoja nzito kwenye kusoma. Kusoma faili zima kunaonekana kazi ya mistari mitano: `fseek` hadi mwisho, `ftell`, `malloc`, `fread`. Mistari hiyo inakufa siku mtu anapoandika

`dtc -O dtb bodi.dts | fdtget - / compatible`

kwa sababu bomba (ile alama `|`) halina mwisho wa kurukia. `utilfdt_read_err`, inayofanya kazi ya `utilfdt_read`, haiulizi ukubwa kabla. Inaanza na bafa ya baiti 1024, inasoma kwa `read` ndani ya kitanzi, na kila bafa inapojaa inaiongeza maradufu. Jina la faili likiwa `-` inasoma kutoka ingizo sanifu. Ikishindwa inarudisha namba ya `errno` yenyewe, wala si -1 isiyosema kitu. Kwenye Windows huiweka ingizo katika hali ya baiti tupu, jambo ambalo mwandishi mpya hulikumbuka baada ya kuona mti wake umekatika katikati kwa sababu baiti ya 0x1a ilichukuliwa kuwa mwisho wa faili.

Ila fanksheni hiyo haikagui kitu. Ukiipa picha ya JPEG itakusomea vizuri kabisa na kukurudishia pointa. Ukaguzi ni wajibu wa anayeita, na wengi huishia kwenye `fdt_check_header`. Hiyo huangalia namba ya utambulisho 0xd00dfeed, toleo, na kama ofseti za kichwani zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Haijui umesoma baiti ngapi. Faili lililokatwa nusu wakati wa kupakuliwa lina kichwa kizima, kwa hiyo linapita, kisha programu inasoma nje ya bafa. Dawa ni `fdt_check_full`, ambayo hupewa pia urefu halisi uliosomwa: inakataa faili fupi kuliko kichwa, ambacho katika toleo la 17 ni baiti 40, inakataa `totalsize`, yaani ukubwa wa mti ulioandikwa kichwani, ikizidi urefu huo, halafu inapita muundo wote kuanzia nodi ya kwanza hadi alama ya mwisho. Ndiyo maana urefu usipotezwe. Matoleo ya zamani ya `util.c` yalikuwa na `utilfdt_read` isiyotoa urefu na `utilfdt_read_len` inayoutoa. Baadaye ziliunganishwa kuwa moja. Aliyenakili zamani bado ana zote mbili, na kwa kawaida anaita ile isiyofaa.

Kuandika kuna sura hiyo hiyo. `utilfdt_write_err` haikuombi urefu, inauchukua kwenye `totalsize` ya mti wenyewe. Kwa mti uliojengwa na libfdt hilo ni jambo jema, kosa moja la kuhesabu limeondoka. Kwa mti uliotoka nje bila kukaguliwa, namba ya uongo kichwani inaifanya programu iandike diskini chochote kilicho nyuma ya bafa. Tena faili hufunguliwa kwa `O_TRUNC`, inayofuta kwanza yaliyomo: diski ikijaa katikati, mti wa zamani umekwenda na mpya haujakamilika. Kwa kifaa kinachowaka kwa kutumia faili hilo, hiyo ni bodi isiyowaka. Andika kwenye faili la muda ndani ya saraka ile ile, ita `fsync`, kisha `rename`. Hili `util.c` haikufanyii.

Mjadala mkali zaidi ni wa familia ya `x`. `xmalloc` ikikosa kumbukumbu huita `die`, nayo huchapa "FATAL ERROR" na kuita `exit(1)`. Kwa zana inayoishi sekunde moja, sioni ubaya. Msimbo unabaki msafi, na `xrealloc` inaondoa kosa la kale la `p = realloc(p, n)`, ambalo likishindwa hupoteza pointa ya awali. Kwa huduma inayokesha ikihudumia wateja wengi, au maktaba inayopakiwa ndani ya programu ya mtu mwingine, `exit` katikati ya fanksheni ya kusoma faili ni ukorofi: huwezi kumuua mwenyeji wako kwa sababu mgeni mmoja ameleta faili kubwa. Na kwa butiloda swali halipo kabisa, `exit` inarudi wapi? Kuna tundu lingine dogo. `malloc(0)` inaruhusiwa na kanuni ya C kurudisha NULL. Kwenye mfumo unaofanya hivyo, sifa tupu, yaani jina lisilo na baiti hata moja ya thamani, kama `dma-coherent`, ikinakiliwa kwa `xmalloc(len)` bila kuangalia urefu itaiua programu huku kumbukumbu ikiwa tele.

Lakini inayostahili kuogopwa kuliko zote ni `utilfdt_print_data`, kwa kuwa inaonekana haina madhara. Faili la `.dtb` halihifadhi aina ya sifa. Kilichomo ni jina, urefu na baiti. Fanksheni hii inabahatisha. Kwanza inauliza `util_is_printable_string`: je, baiti ya mwisho ni sifuri, na kila kipande kabla ya sifuri kina angalau herufi moja na kinachapika chote? Jibu likiwa ndiyo, inachapa maandishi ndani ya alama za nukuu. Likiwa hapana na urefu unagawanyika kwa 4, inachapa seli, yaani namba za baiti nne nne. Vinginevyo, baiti moja moja.

Mara nyingi inapatia. Sasa chukua `linux,initrd-start = <0x48202000>`. Namba ndani ya mti huanza na baiti kubwa, kwa hiyo diskini kuna 48 20 20 00: herufi H, nafasi mbili, sifuri. Sharti limetimia, na unachapiwa `"H  "`. Ongeza seli ya pili, kwa mfano ukubwa wa 0x1000, na kosa linatoweka, kwa sababu baiti inayofuata ni sifuri na kipande kitupu hukataliwa. Ndiyo maana hitilafu hii haionekani kwenye sifa nyingi za `reg`, zenye anwani na ukubwa, ikajificha kwenye sifa za seli moja. Upande wa pili, orodha ya maneno yenye neno moja tupu huchapwa kama namba, na vivyo hivyo jina lenye herufi nje ya ASCII.

Hakuna anayeweza kuisahihisha fanksheni hii bila kujua sifa inamaanisha nini, na kujua huko kumo nje ya faili. Kwa jicho la binadamu inatosha. Kwa hati ya amri (skripti) inayosoma matokeo yake kisha kuamua jambo, hapana. Itumie `fdtget -t x` (namba) au `-t s` (maandishi), aina itajwe na anayeuliza.

Wanaoandika upya nao hukosea, na mahali pao panajulikana. `isprint(*s)` bila kugeuza kuwa `unsigned char` ni tabia isiyofafanuliwa pale `char` inapokuwa na alama (signed) na baiti inazidi 0x7f. Namba ya biti 64 ndani ya sifa haina uhakika wa kukaa kwenye mpaka wa baiti 8, kwa hiyo isomwe kwa `fdt64_ld`, si kwa kugeuza pointa. Mti ukijaa, libfdt inarudisha `FDT_ERR_NOSPACE`. Unaongeza bafa kwa `realloc`, unaita `fdt_open_into`, na kuanzia hapo kila pointa uliyoipata kwa `fdt_getprop` imekufa. Kwa ovalei, yaani kipande cha mti kinachoongezwa juu ya mti mkuu, ni zaidi: `fdt_overlay_apply` ikishindwa inaweza kuharibu mti mkuu na ovalei pia, hivyo `fdtoverlay` hujaribu juu ya nakala.

Jambo moja huamua kabla ya ufundi wowote, nalo ni leseni. libfdt inatolewa kwa chaguo la GPL au BSD ya vifungu viwili, `util.c` ni GPL-2.0 au ya baadaye peke yake. Kuchanganya zote mbili katika bidhaa isiyotoa msimbo wake, eti kwa kuwa zimekaa kwenye hazina moja ya msimbo, ni kosa.

Kwa zana ya mstari wa amri iliyo chini ya GPL, mimi ningenakili na kuliacha faili kama lilivyo, ili kulisasisha kuwe kulibadilisha tu, kama kerneli ya Linux inavyofanya na nakala yake ya dtc ndani ya `scripts/dtc`. Kwa mengine yote ningeandika tatu tu: kusoma kunakorudisha urefu na kosa, kuandika kwa `rename`, na kukuza bafa. Vyovyote iwavyo, zipimwe kwa mti uliopitishwa kwenye bomba, kwa `head -c 39` ya mti huo, kwa `head -c 100` yake, na kwa sifa ya seli moja yenye 0x48202000.